Somo la Uraia katika Shule za Sekondari: Umatengo na Pwani ya Ziwa Nyasa

Somo la uraia lina jina pana kuliko kitabu chake. Jina lamwahidi mwanafunzi kwamba atafundishwa namna nchi inavyotawaliwa na mahali pake yeye katika utawala huo. Kitabu chamwonyesha bendera, ngao ya taifa, mwenge na wimbo. Kisha champitisha upesi katika haki za binadamu, maisha ya familia, usalama wa barabarani, jinsia, demokrasia, umaskini, utamaduni na utandawazi, hata afikapo mwisho wa kidato cha nne amegusa mambo mengi na kushika machache. Mambo hayo si ya kubezwa. Alama za taifa zastahili kujulikana, na mtoto asiyejua kuvuka barabara huenda asifikie umri wa kupiga kura. Lakini mizani imeelemea upande mmoja: yale ambayo serikali hujisemea yamepewa kurasa nyingi, na yale ambayo raia aweza kuyadai kwa serikali yamepewa chache.

Kipimo kizuri cha somo lolote ni mahali linapofundishwa, na mahali palipo mbali na makao makuu hupima kwa ukali zaidi. Mbinga iko juu ya milima ya Umatengo, magharibi ya Songea, katika nchi ya kahawa, mahindi na maharage. Kutoka hapo njia yateremka mpaka Mbamba Bay, na kaskazini yake, katika ufuko uo huo wa Ziwa Nyasa, wako watu wa Liuli na Lituhi, ambao riziki yao ni samaki, mihogo na mpunga. Milima na ufuko vilikuwa wilaya moja mpaka 2012, wilaya ya Nyasa ilipotengwa na Mbinga. Tendo hilo lilibadili safari ya kila mwenye shauri, cheti au malalamiko, na hapana nyumba ambayo haikulizungumza. Je, ni nani mwenye uwezo wa kuigawa wilaya? Katiba ya 1977 yalijibu hilo mapema kabisa, katika ibara yake ya pili: uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya ni wa Rais, kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Mwanafunzi aliyeona mlimani na ziwani pakitengana angeweza kuanzia hapo kuisoma Katiba. Badala yake huanza na rangi za bendera, ambazo alikwisha kuzikariri shule ya msingi.

Yafaa kutazama lugha kwanza, kwa kuwa hapo ndipo ilipo kasoro ya asili. Wakati wa chama kimoja, somo la siasa lilifundishwa kwa Kiswahili hata katika shule za sekondari, ambako karibu masomo mengine yote yalikuwa kwa Kiingereza. Vyama vingi viliporudishwa 1992 siasa ikaondolewa na uraia ukaingia mahali pake. Na katika sekondari uraia ukaingia kwa Kiingereza. Ajabu ya badiliko hilo haijasemwa vya kutosha. Zama zilizomtaka raia asikilize zilimsemesha kwa lugha aliyoijua barabara. Zama zilizomtaka ahoji zikamsemesha kwa lugha ambayo wengi wa rika lake huweza kuikariri tu. Tume ya Makweta ilikwisha kupendekeza 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari, na serikali haikulikubali pendekezo hilo. Kwa masomo mengine shauri lile lina pande zake, na wako wataalamu wanaotofautiana kwa haki. Kwa somo la uraia upande wa pili ni mgumu kuuona.

Sababu ni hii. Katiba ya Tanzania iliandikwa kwa Kiswahili. Anayetaka ubunge hutakiwa ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, lakini kampeni yake kule Litembo au Liuli ataifanya kwa Kiswahili, na akifika Bungeni atasikia karibu Kiswahili kitupu. Mwaka 2021 sheria ya marekebisho ya sheria mbalimbali ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo lililongojewa miaka sitini. Kwa hiyo serikali yote atakayokutana nayo kijana wa Umatengo, tangu mwenyekiti wa kitongoji hata hakimu, husema Kiswahili; nyumbani mwake husemwa Kimatengo, au pwani Kinyasa; na mtihani wa kumpima kama ameielewa serikali hiyo ulimjia kwa Kiingereza. Mtoto huyo hulazimika kusoma tafsiri ya Katiba ambayo asili yake angeweza kuisoma. Labda hakuna mfano wa pili wa taifa kumfichia kijana wake kitabu kwa kumpa nakala yake.

Watetezi wa desturi hiyo husema kwamba uraia wa leo haukomei kijijini, na kwamba mikataba ya mataifa na mazungumzo ya Umoja wa Mataifa huendeshwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na kijana afundishwe Kiingereza vizuri katika kipindi cha Kiingereza. Lakini majibu ya mtihani yaliyokaririwa hayamfanyi mtu awe mjumbe wa mataifa. Humfanya tu aamini kwamba mambo ya serikali ni maneno ya wengine.

Na maneno yenyewe yana elimu ndani yake, ambayo somo limeiacha nje kwa kuiacha lugha. Raia ni neno la Kiarabu ambalo asili yake ni kundi la wanyama linalochungwa. Hata lilipoingia katika Kiswahili lilimtaja mtawaliwa mbele ya mtawala. Mwananchi ni neno la Kibantu, na humfanya mtu kuwa mwana wa ardhi, mwenye haki ya kuzaliwa. Kitabu hutumia maneno mawili haya kana kwamba ni moja. Mwalimu mwenye sikio angeweza kukaa kipindi kizima juu yake: kati ya kuchungwa na kurithi, ni lipi hasa ambalo Katiba inakusudia isemapo kwamba mamlaka ya serikali hutoka kwa watu? Hali kadhalika mjumbe. Neno hilo lasema wazi kwamba mtu huyu ametumwa, na aliyetumwa hana budi kumrudia aliyemtuma. Mjumbe wa halmashauri ya kijiji ambaye hajui ametumwa na nani amepotea njia ya neno lake mwenyewe. Diwani alikuwa mkuu wa mji katika Mrima, mtu wa nasaba na heshima. Leo ni mwakilishi wa kata aliyepigiwa kura, ingawa wengi wao bado hupenda kuketi kama wale wa zamani.

Neno linalohitaji uangalifu kuliko yote ni uwajibikaji. Kitenzi chake hakimtaji wa pili: mtu huwajibika, basi. Hasemwi anawajibika kwa nani. Katika mazungumzo ya siasa neno hilo limepungua zaidi likawa na maana ya kujiuzulu, kama alivyofanya Ali Hassan Mwinyi alipoacha uwaziri wa Mambo ya Ndani 1977 kwa makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Mfano ule ni wa heshima na wastahili kufundishwa. Lakini ukibaki peke yake humfanya mwanafunzi adhani kwamba uwajibikaji ni tendo la ukarimu la mkubwa, siku moja katika maisha yake. Vijijini watu wana msemo ulio bora kuliko neno hilo la vitabuni: husema kusomewa mapato na matumizi. Humo mna anayesoma, wanaosomewa, na karatasi iliyo kati yao. Mkusanya istilahi wa baadaye angefanya vema kuanza na msemo huo.

Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 yaueleza mkutano huo wa kusomewa. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Chini yake iko halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji. Mtendaji wa kijiji ni mtumishi wa kuajiriwa. Tofauti ya watu wawili hao ndiyo mzizi wa magomvi mengi ya vijijini, kwa kuwa mmoja hushika mhuri na mwingine hushika kura, na fedha hupita katikati. Mwanafunzi wa kidato cha pili huweza kuandika ukurasa mzima juu ya mihimili mitatu ya dola, na pengine kumtaja Montesquieu pasipo kosa la herufi. Muulize akidi ya mkutano wa kijiji chake ni nini, muhtasari wa mkutano uliopita huwekwa wapi, ni nani aruhusiwaye kuuomba, na stakabadhi ya mchango wa darasa yapaswa kuwa na nini juu yake, atanyamaza. Kosa si lake. Hakuna aliyemfundisha, kwa kuwa waliotunga muhtasari wa somo walidhani kwamba kijiji ni mfano mdogo wa Dodoma, hali ni kinyume chake: Dodoma ni mbali, na kijiji ndicho mahali ambapo raia huiona serikali ikiwa na uso.

Ardhi ni jambo la pili la namna hiyo. Katika nchi ya kahawa, mti mmoja hupandwa na baba na kuchumwa na mjukuu, na shamba halihami. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, yaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, yatambua hatimiliki ya kimila, na yaweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, ambao watatu kati yao hawana budi kuwa wanawake. Binti wa Umatengo ambaye hujifunza juu ya jinsia kwa mafungu ya maneno ya jumla angepata manufaa zaidi kwa kusoma kifungu hicho kimoja na kuuliza wale watatu wa kijiji chake ni akina nani.

Umatengo una elimu yake ya utawala, iliyo ya zamani kuliko kitabu chochote, na walimu wachache huitumia. Wamatengo hulima ngolo: nyasi hukatwa na kulazwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, kisha udongo hufukuliwa katikati na kufunika nyasi, hata mlima mzima ukawa na mashimo mithili ya sega la nyuki. Mvua hukaa katika mashimo, udongo hauteremki. Mtu mmoja hawezi kuulinda mlima kwa ngolo zake ikiwa wa juu yake analima ovyo, na kwa sababu hiyo kilimo hicho chenyewe ni mapatano. Mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito huitwa ntambo, nao ulikuwa eneo la ukoo mmoja au koo zilizokaribiana. Na ukoo ulikuwa na sengu, mahali pa kulia pamoja na kushauriana, ambapo vijana walisikia mashauri ya wazee na kukanywa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani waliyaandika mambo hayo kwa kina katika miaka ya 1990 na baadaye, wakiyahusisha na maendeleo ya vijiji vya Mbinga. Vitabu vya uraia havina habari nayo.

Hata hivyo tahadhari yahitajika, kwa maana sifa za kale hupendeza kupita kiasi. Katika sengu neno la mwisho lilikuwa la mzee, na heshima ilikuwa kwa umri wala si kwa hoja. Juu ya koo, utawala wa kikoloni uliweka na kuimarisha machifu mpaka serikali ya Tanganyika ilipoondoa madaraka yao 1963. Kijana asifundishwe kwamba babu zake walikuwa na demokrasia iliyokamilika, afundishwe kulinganisha. Sengu ilikuwa na kitu ambacho mkutano wa kijiji mara nyingi hauna, yaani kila aliyekuwapo alijua jambo lililozungumzwa lahusu chakula kile kile alichokula. Mkutano wa kijiji una kitu ambacho sengu haikuwa nacho: mwanamke na kijana wa miaka 18 wana kura sawa na ya mzee. Somo la uraia linalostahili jina lake lingeanza katika pengo lililo kati ya mambo mawili haya.

Mkoa wa Ruvuma una tukio jingine ambalo laweza kuhesabiwa kuwa funzo kuu la uraia katika kusini yote, nalo halimo katika mtihani. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa katika nchi ya Songea, wakalima na kugawana pamoja, na kuamua mambo yao kwa mikutano ya wanakijiji. Vijiji vingine vikafuata, hata vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, vikafikia kumi na saba. Shule ya Litowa ilikwisha kuliunganisha darasa na shamba kabla Elimu ya Kujitegemea haijatangazwa Machi 1967, na Nyerere mwenyewe aliviunga mkono vijiji hivyo. Walakini tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali yake ikachukuliwa. Chama kilichohubiri ujamaa kiliwavunjia ujamaa wao watu waliokuwa wameujenga kwa hiari. Sababu zake zimejadiliwa na wanahistoria: woga wa wakubwa wa mkoa, shaka juu ya washauri wa kigeni, na swali la nani awe msemaji wa vijiji, chama au wanavijiji wenyewe. Swali la mwisho hilo ndilo lenye uzito kwa darasa. Mtu aweza kulisoma tukio lile akawatetea wale walioona hatari ya serikali ndani ya serikali. Aweza pia kulisoma akaona jinsi hiari inavyofishwa na wale waliotangaza kuipenda. Kwa vyovyote vile atakuwa amefikiri juu ya madaraka, jambo ambalo orodha ya faida za demokrasia haimtaki alifanye.

Kahawa nayo ina sura yake. Chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilikuwa mnunuzi, mkopeshaji wa pembejeo na shina la maisha ya wilaya. Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, chama kikaanguka, na wakulima wakapoteza chombo ambacho kwa sheria kilikuwa chao. Mwaka 2018 serikali iliagiza tena kahawa ipitie katika vyama vya msingi vya ushirika. Mwanafunzi ambaye karo yake, sare na daftari zimetokana na kahawa ameishi katika historia hiyo. Chama cha msingi ni serikali ndogo: kina wanachama, bodi, mkutano mkuu na mkaguzi wa hesabu. Kinaanguka kwa sababu zile zile ziangushazo serikali kubwa, na huanguka karibu, ambapo huonekana. Somo la kusoma hesabu iliyokaguliwa, ukurasa kwa ukurasa, lingefaa kidato cha tatu kuliko sura nzima ya utandawazi.

Fasihi imekuwa ikifanya kazi hii kwa siri, katika chumba kingine cha shule ile ile. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka 1951, ni habari ya Karama, mtu aliyeshtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe katika nchi, na utetezi wake mbele ya mfalme na baraza, siku baada ya siku, kwa kuwakumbusha habari za wajumbe waliotumwa kutafuta mema wakalipwa mateso. Vizazi vingi vimekisoma shuleni. Lakini kimesomwa kwa ajili ya dhamira, wahusika na tamathali. Mwalimu wa Kiswahili hueleza kwamba kitabu kina mafumbo juu ya ukoloni, kisha kengele hulia na mwalimu wa uraia huingia na mchoro wa mihimili ya dola. Hakuna anayewaambia wanafunzi kwamba shtaka la Karama ndilo shtaka la somo lao lenyewe: je, ni hatari kwa watu wa kawaida kujua sheria? Majivuno, mshtaki wake, aliamini kwamba ni hatari, na hoja zake si za kijinga. Zingefaa kujibiwa darasani. Vivyo hivyo Juliasi Kaizari, tafsiri aliyoitoa Nyerere 1963 akiwa ameshika urais: ni mara chache katika dunia mkuu wa nchi kuwapa raia wake, kwa lugha yao, kitabu kinachoonyesha jinsi umati unavyogeuzwa kwa hotuba moja. Kusoma hotuba mbili za pale msibani, na kuuliza ni ipi iliyosema kweli na ni ipi iliyoshinda, ni maandalizi ya kampeni kuliko tafsiri yoyote ya neno demokrasia.

Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili, nalo hufundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Kwa upande wa lugha ni hatua iliyongojewa, na yastahili kushangiliwa pasipo masharti. Kwa upande wa mambo yenyewe pana shaka. Neno maadili lamtazama mtu na mwenendo wake. Lamtaka awe mkweli, mzalendo, mchapa kazi. Hayo ni mema, na wazazi wa Mbinga na wa Lituhi hawana budi kuyafurahia. Ila mwenendo mwema wa wengi haumzuii mtu mmoja kula fedha za zahanati. Humzuia yule anayejua ni siku gani hesabu husomwa na anayesimama kuuliza. Raia mpole asiyejua utaratibu ni raha ya kila mtendaji. Ikiwa historia na maadili vitachukua nafasi yote ya elimu ya utawala, basi Kiswahili kitakuwa kimerudishwa darasani kwa ajili ya mawaidha, na maswali yatakuwa yameachwa nje pamoja na Kiingereza.

Lipo bado jambo la ziwa, ambalo kwa watu wa Liuli na Mbamba Bay ni la kila asubuhi. Hata jina lake ni gumu. Nyasa, katika lugha za huko, ni ziwa; asemaye Ziwa Nyasa asema ziwa mara mbili, kwa kosa la wageni waliouliza njia na kuandika jibu. Upande wa pili huliita Ziwa Malawi, kwa jina ambalo taifa hilo lilijichagulia lilipopata uhuru 1964. Chini ya majina hayo kuna mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ambao Waingereza na Wajerumani waliandikiana mbali sana na maji haya. Mkataba huo wauchukua mpaka kandokando ya ufuko wa mashariki, kaskazini na magharibi ya ziwa hata mdomo wa mto Songwe. Malawi yasimama juu ya maneno hayo, na juu ya azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la 1964 kwamba mipaka iliyorithiwa isibadilishwe. Tanzania yasimama juu ya desturi ya mataifa kuyagawa maji katikati, na juu ya ibara ya sita ya mkataba uo huo, iliyoruhusu mpaka urekebishwe kwa makubaliano kadiri ya mahitaji ya mahali. Kusini kidogo ya Mbamba Bay, ng'ambo ya mpaka wa Msumbiji, Waingereza na Wareno walikubaliana 1954 kuuweka mpaka katikati ya maji. Kwa hiyo mvuvi mmoja akielekea kusini hutoka penye mabishano akaingia penye mkataba, na maji ni yale yale.

Ugomvi ulitokea wazi 1967, Banda na Nyerere walipopingana hadharani, ukalala, ukaamka tena baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani 2011. Mwishoni mwa 2012 mataifa mawili yakalipeleka shauri kwa wakuu wa zamani wa nchi za Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano. Hapa mwanafunzi ana kila kitu ambacho somo hujaribu kumfundisha kwa mifano ya mbali: mkataba, mamlaka, urithi wa ukoloni, usuluhishi, haki ya mtu mdogo katikati ya mataifa. Ana hata vita. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake, ndiko meli ya Kiingereza ilikoilemaza meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, tarehe 13 Agosti 1914, na nahodha wake, kwa masimulizi ya wakati ule, hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Wenye ufuko hawakuulizwa 1890 wala 1914.

Na mwana wa pwani angeweza kumfundisha mwalimu wake jambo moja katika mabishano haya. Ufuko si mstari. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kila mwaka, na kwa muda mrefu huhama kabisa: kati ya 1915 na 1935 yalishuka hata mto Shire haukutoa maji ziwani. Waliochora ramani wakati wa Waingereza wenyewe hawakuafikiana. Wengine waliuweka mpaka katikati, wengine mchangani. Mkataba usemao ufuko, usipoutaja mwezi wala mwaka, humwachia mtu wa Lituhi swali la lugha kabla ya swali la sheria: ufuko upi? Neno hilo katika Kiswahili chake humaanisha mahali mashua huvutwa juu na nyavu kuanikwa, pana upana wa hatua nyingi, na hakuna anayelala hapo akidhani amevuka nchi. Ramani mbili, iliyochapwa Tanzania na iliyochapwa Malawi, zikitandazwa pamoja juu ya dawati moja la kidato cha tatu, darasa litakuwa na kazi ya muhula mzima.